"Tetra" Si Jina la Samaki, Ni Jina la Duka

Wasee, leo naongea na kila mtu wa Kitengela mwenye tangi la samaki sebuleni, na kila mtu anayepanga kulinunua. Wenye maduka pia, kaeni hapo msikie. Neno "tetra" limebandikwa kwenye vioo vyenu kana kwamba ni jina la samaki. Si jina la samaki. Ni jina la duka. Na hilo jina linatula pesa, linaua viumbe kila wiki, na juu ya hayo linatufanya tuamini tetra ni kitu cha ng'ambo, ilhali Kenya ina tetra wake tangu zamani na hatujui hata mmoja kwa jina.

Najua mtu tayari ameandika "buda, ni samaki tu, tulia." Sitatulia. Soma kwanza, matusi baadaye.

Hilo jina limetoka wapi?

"Tetra" ni kipande cha Tetragonopterus, jina la jenasi ya samaki wa Amerika Kusini. Ni maneno ya Kigiriki, maana yake pezi lenye pembe nne. Zamani wataalamu walirundika samaki wadogo wengi humo ndani. Baadaye waliwachunguza vizuri, wakaona wengi si wa hapo, wakawahamisha. Wafanyabiashara hawakuhama nao. Walikata jina, wakabaki na nusu, na tangu hapo karibu kila kasamaki kadogo ka maji baridi kenye umbo fulani kanauzwa kama tetra.

Umbo gani? Hapa wacha niwape kitu cha kutumia, kwa sababu hasira bila elimu ni kelele.

Tetra wote wako kwenye oda inayoitwa Characiformes. Ni oda kubwa, ina spishi zaidi ya 2,000, na wanaishi kiasili sehemu mbili tu za dunia: bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, na Afrika. Asia hawako. Ulaya hawako. Australia hawako. Kwa hivyo mtu akikuambia tetra fulani ni wa asili ya Thailand, anamaanisha alizalishwa kwenye shamba huko. Babu zake hawakutoka huko.

Ukitaka kumtambua, angalia mgongo. Baada ya pezi kubwa la juu, kabla ya mkia, wengi wao wana pezi lingine dogo sana, la nyama, lisilo na miiba ndani. Linaitwa pezi la mafuta. Kisha angalia mdomo: hana ndevu kama kambare, lakini ana meno ya kweli kwenye taya, na mara nyingi kila jino lina ncha kadhaa. Kisha kuna kitu huwezi kuona kwa macho: vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, ndiyo maana anasikia vizuri. Ukigonga kioo cha tangi ili "acheze", unampigia ngoma kichwani. Acha.

Sasa jaribu hiyo kwa omena. Omena ni mdogo, anang'aa kama fedha, anaogelea kwa makundi, kila kitu unachofikiria ni tetra. Mwangalie mgongo: pezi la mafuta hakuna. Taya: meno hakuna. Omena, yaani Rastrineobola argentea, yuko upande wa jamaa za karpu, mbali kabisa. Mtihani wa sekunde tano, hauhitaji maabara, unahitaji omena wa sokoni na macho mawili. Tulikariri kidato cha kwanza falme, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, tukapita mtihani, na hakuna aliyetuambia unaweza kutumia hiyo orodha ukiwa umeshika samaki mkononi.

Basi umeona tatizo linaanzia wapi. Wote wako oda moja, sawa. Lakini oda ni pana sana. Kuita wote "tetra" ni kama kusema paka wa nyumbani na fisi wa Amboseli ni kitu kimoja kwa sababu wote wako kwenye oda ya wala nyama. Jaribu kufuga hao wawili kwa sheria moja uone kama utaamka asubuhi.

Mfano mzuri ni huu. Dukani utakuta neon na utakuta tetra wa Kongo, pengine kwenye vioo vilivyokaa bega kwa bega. Neon ni Paracheirodon innesi, alipewa jina la kisayansi mwaka 1936, anatoka vijito vya Amazon ya magharibi, hazidi sentimita nne hivi. Tetra wa Kongo ni Phenacogrammus interruptus, aliandikwa mwaka 1899, anatoka bonde la mto Kongo, na dume lake lina mapezi marefu kama nyuzi. Huyu wa Kongo yuko familia ya Alestidae, familia ya tetra wa Afrika. Na unajua nani mwingine yuko Alestidae? Hydrocynus, samaki-chui, yule mwenye meno yanayotokeza nje hata akifunga mdomo. Yupo Ziwa Turkana. Kule Kongo yupo Hydrocynus goliath, anayezidi mita moja na kufikia kilo 50. Kwa ukoo, tetra wa Kongo yuko karibu na huyo jitu kuliko alivyo karibu na neon wa jirani yake dukani. Karatasi ya bei inakuambia hao wawili ni ndugu, na samaki-chui hatajwi kabisa.

Hata hao wanaofanana kama mapacha si wamoja. Neon ana mstari mwekundu unaoanzia katikati ya mwili kwenda mkiani. Kadinali, Paracheirodon axelrodi, ana mstari mwekundu unaokwenda mwili mzima. Neon wengi wa madukani wamezalishwa kwenye mashamba ya Asia. Kadinali kwa miaka mingi wamevuliwa porini, hasa Rio Negro huko Brazil. Yaani mmoja amezaliwa kwenye beseni, mwingine ametolewa kwenye mto mweusi wenye asidi. Wakifika kwetu wanamwagiwa maji yaleyale na kupewa jina lilelile.

Na kabla mtu aseme majina hayana maana, hebu sikia hii. Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani walikimbizana kumpa jina huyo kadinali. Leonard Schultz alichapisha axelrodi. Myers na Weitzman wakachapisha cardinalis. Tofauti ilikuwa siku moja tu. Kesi ikafika hadi tume ya kimataifa ya majina ya wanyama, na jina la kwanza likashinda. Watu wazima, wasomi, waligombania siku moja kwa ajili ya samaki wa sentimita chache. Sisi tuna samaki wetu wasio na mtu wa kuwagombania hata dakika.

Turudi Kitengela, kwa sababu hapa ndipo jina linageuka pesa.

Kila mtu anayeishi huku anajua story ya maji. Kuna maji tamu, yanayoletwa na lori au kununuliwa kwa mtungi, na kuna maji ya kisima, yenye chumvi, yale yanayoacha unga mweupe kwenye sufuria na kufanya sabuni ikatae kutoa povu. Kajiado ni kaunti ya volkano, maji ya chini yamepita kwenye mawe hayo miaka mingi, yamebeba madini na floraidi. Ndiyo meno ya watu wengi wa huku yana rangi ya kahawia.

Sasa chukua neon. Mababu zake waliishi kwenye maji karibu yasiyo na madini kabisa, yenye asidi, rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza. Figo na matamvua yake yamejengwa kwa maji hayo. Unamtoa kwenye mfuko wa plastiki, unamtia moja kwa moja kwenye maji ya kisima cha mtaa wako. Mwili wake unaanza kupigana na chumvi ambazo hajawahi kuziona. Akipona siku ya kwanza, kuna adui wa pili.

Samaki wengi hutoa uchafu wao kama amonia kupitia matamvua. Amonia ina hali mbili, moja kali na nyingine isiyo kali sana, na kinachoamua ni pH ya maji. Kwenye joto la nyuzi 25, maji yakiwa pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko kwenye hali ile kali. Yakiwa pH 8, ni karibu asilimia 5. Yakiwa pH 9, ni zaidi ya thuluthi. Uchafu uleule, tangi lilelile, samaki walewale sita, lakini sumu imeongezeka mara nyingi kwa sababu ya maji peke yake. Tangi jipya halina bakteria wa kula hiyo amonia. Siku ya nne unaokota maiti kwa kijiko na kusema, "hawa samaki ni dhaifu."

Samaki si dhaifu. Uliuziwa neno badala ya samaki.

Ungeuziwa jina kamili ungejua pa kuanzia. Kwenye kioo hichohicho cha "tetra" pengine kulikuwa na Gymnocorymbus ternetzi, yule mweusi mwenye mwili mpana kama sarafu, wa bonde la mto Paraguay. Huyo anavumilia maji ya aina nyingi kuliko neon. Ana kasoro yake: hudokoa mapezi marefu ya wenzake, kwa hivyo usimweke na samaki wa mapezi ya kupepea. Unaona? Jina moja linakupa maji, tabia na majirani. "Tetra" inakupa bei tu.

Na usiniambie kwamba hakuna samaki anayeweza kuishi kwenye maji makali. Kajiado yenyewe inakujibu. Shuka hadi Ziwa Magadi. Kwenye chemchemi za kando ya lile ziwa la magadi anaishi Alcolapia grahami, aina ya tilapia mdogo, kwenye maji ya pH karibu 10 na joto linaloweza kupita nyuzi 40. Amonia kwa pH hiyo ingemuua kwa uchafu wake mwenyewe. Kwa hivyo mwili wake unageuza uchafu kuwa urea, karibu kama mimi na wewe, jambo ambalo ni nadra sana kwa samaki. Watafiti walilieleza mwaka 1989 na dunia ya sayansi ikashtuka. Huyo si tetra. Namtaja kwa sababu anaonyesha kitu kimoja: samaki na maji yake ni mwili mmoja. Ukijua yeye ni nani, unajua maji yake. Usipojua, unacheza kamari na roho ya mtu mwingine.

Sasa tuje kwa ile inayoniuma zaidi.

Pita kwenye daraja la mto Athi ukienda Nairobi. Maji hayo yanateremka, yanapokea mito ya Nairobi na kila kinachotupwa humo, yanakuwa Galana, kisha Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi. Kwenye mfumo huo wa Athi na Galana yupo Brycinus affinis. Mwili wa fedha, mapezi yenye wekundu, pezi la mafuta mgongoni, meno kwenye taya. Familia ya Alestidae. Kwa kila kigezo ambacho duka linatumia, huyo ni tetra. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1894, kabla ya neon kwa miaka 42, kabla hata reli haijafika Nairobi.

Ziwa Victoria wapo Brycinus sadleri na Brycinus jacksonii, walioandikwa na Boulenger huko London mwaka 1906 na 1912. Wavuvi wa Kijaluo hawakumngoja Boulenger, walishawaita osoga. Uganda, Ziwa Albert, yupo Brycinus nurse, wavuvi wanamwita ragoge, anavuliwa kwa wingi na kuliwa. Na Ziwa Turkana, sikiliza vizuri, kuna wawili ambao hawapatikani popote pengine duniani: Brycinus minutus na Brycinus ferox, walioelezwa mwaka 1982. Minutus ni mdogo kiasi kwamba angetosha kabisa kwenye lile tangi lako la lita 40.

Tetra wa Ziwa Turkana peke yake, asiye na ziwa lingine. Na kijana wa Kenya anaweza kukutajia rangi tano za neon na asijue huyu yupo.

Usinielewe vibaya. Sisemi mchukue wavu mwende Turkana kuwavua muwatie sebuleni. Hiyo itakuwa upumbavu mwingine. Nasema kwamba mtu hutetea anachokijua. Mto Athi umekuwa mfereji wa taka, na tukilalamika tunalalamikia harufu. Harufu! Hakuna anayesema "kuna Brycinus humo chini, ana ukoo hadi Amerika Kusini, mabara yalitengana karibu miaka milioni 100 iliyopita naye bado yupo." Samaki asiye na jina mdomoni mwa watu anaweza kutoweka Jumatatu na Jumanne hakuna tangazo.

Na hapo ndipo jina la duka linafanya uharibifu wake wa mwisho. Likishatufundisha kwamba samaki wote wadogo ni kitu kimoja, hatuoni shida kumwaga tuliowachoka mtoni. "Nimewaachilia huru." Uhuru gani? Maguppy waliletwa nchi hizi kula viluwiluwi vya mbu, leo wako kwenye mito yetu na hawana mpango wa kurudi kwao. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na wote tunajua alichowafanyia samaki wadogo wa pale. Samaki wa tangi anaweza kubeba magonjwa na vimelea ambavyo wa mtoni hawajawahi kukutana navyo. Mpe rafiki, mrudishe dukani, lakini mto si jalala lako.

Sasa yale majibu yenu, nayajua.

"Wanasayansi wenyewe hubadilisha majina kila siku." Kweli. Mwaka 2024 ile familia kubwa ya Characidae iligawanywa, na neon akajikuta kwenye familia nyingine, Acestrorhamphidae. Lakini walibadilisha kwa sababu walisoma DNA na kugundua ukoo halisi. Wanasahihisha ili kukaribia ukweli. Duka halijasahihisha kitu tangu babu yako aanze kuvaa suruali ndefu. Na jina la spishi, innesi, bado liko palepale.

"Kilatini ni mambo ya wakoloni." Sehemu ya hiyo ni kweli pia, na ndiyo hoja yangu. Sadler na Jackson wako kwenye majina ya samaki wa Ziwa Victoria, na osoga hayuko kwenye kitabu chochote ulichosoma shuleni. Basi dawa ni kujua yote mawili. Jina la kisayansi ili mtu wa Brazil na mtu wa Kitengela wajue wanaongea kuhusu samaki yuleyule, na jina la mvuvi ili tukumbuke nani alimjua kwanza. "Tetra" halifanyi kazi ya kwanza wala ya pili.

"Mimi nataka tu kitu kizuri cha kuangalia nikitoka kazini." Sawa kabisa, hakuna aliyekukataza. Lakini maiti si kitu kizuri cha kuangalia, na umeshanunua mara tatu.

Kwa hivyo, mambo ni haya. Ukienda dukani, uliza jina kamili, maneno mawili. Muuzaji akisema "tetra tu", mwambie tetra yupi, na akikosa jibu, toka na doo zako mfukoni. Kabla ya samaki, pima maji yako. Vipimo vya pH na ugumu wa maji vinapatikana. Kama unang'ang'ania neon, kinga maji ya mvua. Msimu wa mvua yanashuka bure juu ya mabati, na hayana madini. Yaache ya kwanza yaoshe paa, kinga yanayofuata, changanya na ya kisima kidogo kidogo huku ukipima. Acha tangi likae wiki kadhaa bakteria wajijenge kabla ya kutia kundi zima. Na wenye maduka, kuandika maneno mawili kwenye karatasi kunagharimu wino. Mteja ambaye samaki wake wameishi hurudi kununua chakula, chujio na tangi kubwa zaidi. Mliyemuulia samaki anauza tangi mtandaoni kwa bei ya kutupa.

Walimu wa Biolojia wa Kajiado, mna mto mlangoni. Acheni kufundisha uainishaji kwa mchoro wa samaki wa kitabuni. Leteni omena na osoga mezani, waambieni wanafunzi watafute pezi la mafuta. Hilo somo hawatalisahau.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, sema kwa sauti mara moja: Brycinus affinis. Ni wa Athi, ni tetra wa kwetu. Kesho ukivuka lile daraja, mwambie aliyekaa kando yako kwenye matatu.